Kabichi, Sukuma Wiki na Bioteknolojia: Kinachotumika Shambani Kwetu na Kisichotumika

Ukipita Soko la Madaraka mjini Thika au kwenye vibanda vya mboga vya Ruiru, hutakosa kumwona mteja akiinua kabichi kubwa, akiipima kwa mkono, kisha akiuliza kama ni GMO. Maafisa wa kilimo wa wadi nao huulizwa swali hilo, na ni swali la haki. Kila mzazi anastahili kujua anachowapa watoto wake.

Jibu lenyewe ni fupi. Hakuna kabichi, sukuma wiki, kolifulawa wala brokoli ya GMO iliyoidhinishwa kupandwa nchini Kenya. Kabichi ile ni kubwa kwa sababu mbegu yake ni chotara, na kwa sababu aliyeipanda aliipa nafasi, mbolea na maji ya kutosha.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeacha mambo mawili makubwa. Kwanza, bioteknolojia tayari imo katika mboga hizi, kwa njia ambazo wengi wetu hatujazoea kuziita kwa jina hilo. Pili, hatari iliyo karibu zaidi na sahani yako ya sukuma wiki haitoki kwenye jeni, inatoka kwenye bomba la kunyunyizia dawa. Somo la toleo hili linaunganisha mambo hayo mawili. Ni la mkulima wa Gatuanyaga mwenye nusu ekari kando ya mto, na vilevile la mpangaji wa Ruiru ambaye shamba lake ni magunia mawili ya sukuma wiki nje ya mlango.

Neno lenyewe

Bioteknolojia ni kutumia viumbe hai, au sehemu zao, kutengeneza au kuboresha kitu tunachokihitaji. Anayechachisha uji anaitumia. Aliyepanda ndizi za tishu, zile ambazo miche yake hukuzwa ndani ya chupa maabarani ili isirithi magonjwa ya mgomba mama, ameitumia pia, na wakulima wa upande huu wamekuwa wakizipanda tangu miaka ya 1990. Hatuhitaji kwenda mbali kuwatafuta wataalamu. Taasisi ya KALRO ya utafiti wa mboga na matunda iko Kandara, ng'ambo tu ya Thika, na Chuo Kikuu cha JKUAT pale Juja kina taasisi nzima ya utafiti wa bioteknolojia.

GMO ni tawi moja tu la mti huo. Ni pale ambapo jeni ya kiumbe kimoja huchukuliwa na kuingizwa maabarani ndani ya kiumbe kingine. Matawi mengine ni mengi, na ndiyo yanayogusa kabichi ya Kiambu kila siku.

Nondo asiyeogopa dawa

Adui namba moja wa kabichi na sukuma wiki ni mdudu mdogo sana. Ni nondo wa rangi ya kijivu na kahawia, urefu wake haufiki sentimita moja, na akifunga mabawa huonekana ana alama za almasi mgongoni. Ndiyo maana wataalamu humwita nondo wa mgongo wa almasi, na kwa jina la kisayansi Plutella xylostella. Mkulima humjua zaidi kwa watoto wake, viwavi vya kijani vinavyojinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi ukiligusa jani. Hula upande wa chini wa jani na kuacha utando mwembamba kama dirisha, kisha utando ule hupasuka na kubaki tundu.

Nondo jike hutaga mayai zaidi ya mia moja. Katika nchi ya baridi kama Limuru, iliyo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kizazi kimoja huchukua muda mrefu kidogo kukomaa. Thika na Ruiru ziko chini zaidi, kwenye mita 1,500 hivi, na kuna joto zaidi. Hapa kizazi kinaweza kukamilika kwa wiki tatu hivi, na hata chini ya hapo jua likiwaka. Kwa hiyo mkulima wa Ngoliba au Witeithie hukabiliana na vizazi vingi zaidi kwa mwaka kuliko mwenzake wa Lari, hata kama mboga zao zinatoka pakiti moja ya mbegu.

Kuzaliana haraka hivyo ndiko kunakomfanya awe sugu. Ukinyunyizia dawa, wengi hufa, lakini wachache waliozaliwa na uwezo wa kuistahimili hubaki na kuzaana wao kwa wao. Baada ya vizazi kadhaa dawa ile ile inakuwa kama maji. Nondo huyu alikuwa miongoni mwa wadudu wa kwanza wa mazao duniani kuripotiwa kuishinda DDT, huko Java, Indonesia, mwaka 1953. Tangu hapo ameshinda karibu kila kundi la dawa alilotupiwa.

Mkulima anayeona viwavi havifi hufanya lile ambalo mtu yeyote mwenye deni la mbegu na mbolea angefanya. Anaongeza kipimo, anachanganya dawa mbili, ananyunyizia kila baada ya siku nne au tano. Sasa tazama upande wa mlaji. Lebo ya kila dawa huonyesha siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kwa dawa nyingi siku hizo ni saba, kumi na nne au zaidi. Sukuma wiki haisubiri. Majani huchumwa kila wiki, na soko likipanda huchumwa mara mbili kwa wiki. Anayenyunyizia dawa kali kila baada ya siku tano hawezi kamwe kutimiza siku saba za kusubiri, hata akiwa mtu mwaminifu kiasi gani. Hesabu yenyewe inakataa. Kuosha mboga kwa maji mengi huondoa sehemu ya dawa iliyo juu ya jani, lakini dawa iliyopenya ndani ya mmea haioshwi.

Hapo ndipo bioteknolojia inapoingia, na imekuwa ikiingia kwa milango mitatu: nyigu, bakteria na mbegu.

Nyigu wa Tharuni

Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, makao yake makuu yako Kasarani, mwendo mfupi kutoka Ruiru kwa Thika Road. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wake walijiuliza kwa nini nondo huyu anatesa Kenya kuliko anavyotesa nchi nyingine. Sababu moja ilikuwa kwamba maadui wake wa asili tuliokuwa nao hapa walikuwa dhaifu. Wakaleta kutoka Taiwan nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, ambaye alikuwa amefaulu katika milima ya Asia. Baada ya uchunguzi, nyigu hao waliachiliwa mwaka 2002 katika maeneo mawili ya majaribio. Moja lilikuwa Werugha, katika milima ya Taita. La pili lilikuwa Tharuni, Limuru, hapa hapa Kiambu.

Nyigu huyu hamdungi mtu. Kazi yake ni kutafuta kiwavi wa nondo na kumtagia yai ndani ya mwili. Kiwavi huendelea kula kidogo huku mtoto wa nyigu akimla kutoka ndani, na wakati ambapo nondo mpya angetoka, anatoka nyigu mpya. Nyigu hao walikita makazi, wakasambaa wenyewe hadi mashamba ambayo hayakupelekewa, na idadi ya nondo katika maeneo hayo ikashuka sana katika miaka iliyofuata. Mkulima hakulipa hata shilingi.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, na kinawahusu wasomaji wetu wa Thika. Diadegma hupenda baridi. Kwa nyanda za joto icipe ilimleta nyigu mwingine, Cotesia vestalis, kutoka Afrika Kusini. Sisi wa Thika na Ruiru tuko katikati, si baridi ya Limuru wala joto la nyanda za chini, kwa hiyo hatuwezi kumtegemea nyigu mmoja tu na kukaa. Lakini wote wawili wana udhaifu mmoja: dawa inayoua kila mdudu huwaua haraka kuliko inavyomuua nondo aliyekwisha kuwa sugu. Mkulima anayenyunyizia bila kuchagua anawaua askari wake na kumwachia adui uwanja.

Ukitaka kujua kama nyigu wapo shambani kwako, geuza majani na utazame vile vifuko vyeupe vya hariri ambamo nondo hujigeuza. Kifuko cha nondo ni chepesi kama wavu na unaweza kumwona mdudu ndani. Cha Diadegma huonekana kigumu zaidi na kilichoziba, umbo la mtungi mdogo, ndani ya wavu ule. Ukivikuta vingi, weka bomba chini.

Bakteria kwenye lebo

Mlango wa pili ni bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis, ambaye wakulima wengi humwita kwa kifupi Bt. Alitambuliwa kwanza Japani mwaka 1901 akiwaua viwavi vya hariri, kisha mwanasayansi Mjerumani Ernst Berliner akampa jina la jimbo la Thuringia. Bakteria huyu hutengeneza protini yenye umbo la fuwele. Kiwavi akiila pamoja na jani, huyeyuka tumboni mwake, kwa kuwa tumbo la kiwavi halina asidi kama letu, kisha hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kuutoboa. Kiwavi huacha kula baada ya saa chache, ingawa anaweza kukaa siku mbili tatu kabla hajafa. Tumbo la binadamu lina asidi, na ukuta wake hauna mahali pa protini hiyo kujishikiza. Nyigu pia haidhuriki nayo moja kwa moja.

Dawa za Bt zinauzwa katika maduka ya agroveti nchini. Usiulize kwa jina la kampuni tu. Soma lebo uone maneno Bacillus thuringiensis pamoja na nambari ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Dawa za Kuua Wadudu, PCPB. Siku zake za kusubiri ni chache sana zikilinganishwa na dawa kali, na kwa mboga inayochumwa kila wiki hiyo ndiyo faida inayoamua mambo.

Wanaosema "Bt haifanyi kazi" mara nyingi wameitumia kama dawa ya kawaida. Jua huiharibu, hivyo inyunyiziwe jioni. Lazima iliwe ndipo iue, hivyo ifike upande wa chini wa jani ambako viwavi viko. Huua viwavi vidogo vizuri kuliko vikubwa, hivyo mkulima akague shamba mara mbili kwa wiki na aanze mapema. Haigusi kabisa vidukari, wale wadudu wa kijivu wanaojazana kwenye majani machanga. Kwa wadudu wa aina nyingine kuna viuatilifu vinavyotengenezwa kutokana na kuvu aitwaye Metarhizium. Kampuni ya Real IPM, iliyo karibu na Thika, hutengeneza dawa za namna hiyo kwa kutumia aina za kuvu zilizochunguzwa na icipe. Hapa tena lebo ndiyo ya kusoma, kwa sababu kila aina ya kuvu ina wadudu wake.

Na tusijidanganye kwamba nondo hawezi kuishinda Bt. Ameshaishinda. Hawaii, ambako wakulima waliinyunyizia mfululizo msimu baada ya msimu, usugu uliripotiwa mwaka 1990, na huyo ndiye mdudu wa kwanza duniani kuonekana na usugu wa Bt mashambani. Dawa ya kibayolojia ikitumiwa kwa pupa hufa kama nyingine. Badilisha kundi la dawa kila baada ya kizazi cha nondo, yaani kila wiki tatu hivi kwa huku kwetu, na pumzisha shamba kwa zao ambalo si la jamii ya kabichi.

Uozo mweusi hausikii dawa

Viwavi unaviona. Ugonjwa wa uozo mweusi huja kimya. Dalili ya kwanza ni doa la njano lenye umbo la V kwenye ukingo wa jani, ncha yake ikielekea katikati. Vishipa vya jani hugeuka vyeusi. Ukikata shina kwa kisu utaona duara jeusi ndani. Kabichi huanza kunuka ikiwa bado shambani, na katika msimu wa mvua na joto shamba zima linaweza kwenda kwa wiki chache.

Kisababishi ni bakteria Xanthomonas campestris. Si kuvu, kwa hiyo dawa za ukungu ambazo wengi hukimbilia hazimponyi. Hakuna dawa ya kumponya mmea uliokwisha kuugua. Bakteria hawa husafiri ndani ya mbegu, kisha hurushwa na matone ya mvua au maji ya kunyunyizia kutoka mche mmoja hadi mwingine kitaluni. Mbegu chache zenye ugonjwa zinatosha kuangusha kitalu kizima.

Ulinzi wa kwanza, basi, ni mbegu safi. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, na pale ambapo pakiti ina kibandiko cha kukwangua cha KEPHIS, kwangua na utume nambari kwenda 1393 kabla hujaondoka dukani. Kama mbegu ni yako mwenyewe, au huna hakika nayo, itibu kwa maji ya moto. Zifunge mbegu kwenye kitambaa chepesi bila kukaza, ziloweke kwa dakika kumi katika maji ya uvuguvugu, kisha uzitie katika maji ya nyuzi 50 kamili: dakika 25 kwa kabichi, dakika 20 kwa sukuma wiki, kolifulawa na brokoli. Zitoe, zitumbukize kwenye maji baridi safi, zianike kivulini zikauke na uzipande mapema. Nunua kipimajoto. Kidole hakitambui tofauti ya nyuzi 50 na 55, na kwa nyuzi 55 umechemsha mbegu. Usifanye hivyo kwa mbegu zilizopakwa dawa ya rangi, wala kwa mbegu za zamani, kwani zitashindwa kuota. Jaribu kwanza na mbegu hamsini uone zinavyoota.

Kwa maoni yangu, mjadala wa GMO umechukua muda mwingi katika mikutano yetu kuliko hiyo sufuria ya maji ya nyuzi 50, ilhali sufuria ndiyo ingeokoa mazao ya msimu huu.

Baada ya shamba kuugua, ng'oa na uchome mabaki, na usipande jamii ya kabichi hapo kwa miaka miwili au mitatu. Panda maharagwe, vitunguu, mahindi au viazi. Ng'oa pia magugu ya jamii hiyo, kama haradali mwitu, kwani huhifadhi bakteria.

Kutoka Ruiru 11 hadi kabichi chotara

Turudi kwenye ile kabichi kubwa. Mkaazi wa Ruiru ana mfano mzuri wa mbegu chotara mlangoni pake. Baada ya ugonjwa wa chulebuni kuharibu kahawa nyingi katika miaka ya 1960, kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilianza mwaka 1971 kazi ya kuzalisha kahawa inayostahimili. Mwaka 1985 ikatoka Ruiru 11. Ilizalishwa kwa kuchavusha aina teule, ua kwa ua, kwa mkono. Aliyepanda mbegu alizookota chini ya Ruiru 11 yake anajua kilichotokea. Miche ilitoka mchanganyiko, mingine ikiugua.

Kabichi chotara ni vivyo hivyo. Wazazi wawili wasafi huvushwa ili mtoto apate nguvu za wote wawili, lakini mjukuu hutawanyika. Kabichi ina bahati moja: mimea mingi ya jamii hii hukataa chavua yake yenyewe, hivyo wazalishaji wa mbegu hupanda mistari ya wazazi wawili na kuwaachia nyuki kazi. Njia nyingine ilianzia Japani mwaka 1968, mtafiti Ogura alipogundua figili ambayo maua yake hayatoi chavua kabisa. Watafiti wa Ufaransa baadaye waliunganisha chembe hai za figili na za jamii ya kabichi maabarani ili kuihamisha tabia hiyo. Aina nyingi za chotara za kabichi na brokoli duniani leo zimepitia huko. Mteja hakuwahi kuambiwa, na hakuna aliyemficha. Hakuna aliyeuliza tu.

Kumbuka pia kwamba kabichi, sukuma wiki, kolifulawa na brokoli ni spishi moja, Brassica oleracea. Wakulima wa zamani walichagua, mmoja majani, mwingine maua, mwingine kichwa kilichofunga, hadi zikaonekana kama mimea tofauti. Kule Kinale, Lari, wakulima wetu wamefanya kazi hiyo hiyo kwa sukuma wiki. Wamechagua mashina marefu yanayochumwa kwa muda mrefu, na kuyaongeza kwa kupanda machipukizi. Ni hazina, ila chipukizi hubeba magonjwa ya mama yake, na hapo utaalamu wa tishu uliosafisha ndizi unaweza kusafisha sukuma wiki pia.

Kanzira, jamaa aliyedharauliwa

Kabichi nyingi hazina kinga ya kutosha dhidi ya uozo mweusi. Watafiti wanaotafuta jeni za kinga wamezikuta kwa jamaa mmoja ambaye wapishi wetu wanamjua, yaani kanzira, Brassica carinata, asili yake Ethiopia.

Mwaka 1935 mtafiti Mkorea aliyefanya kazi Japani, Woo Jang-choon, alieleza jinsi mimea hii ilivyozaana. Kabichi ina kromosomu jozi 9. Haradali nyeusi ina jozi 8. Zamani mimea hiyo miwili ilichavushana yenyewe, na mtoto akabeba zote, jozi 17. Huyo ndiye kanzira. Kinga dhidi ya uozo mweusi iko zaidi katika zile jozi 8 za upande wa haradali.

Kuirudisha kwa kabichi ni kazi ngumu. Ukichavusha kabichi na kanzira, kiinitete huanza kukua kisha hufa ndani ya ganda, kwa sababu kromosomu za wazazi hazipatani. Wanasayansi hukitoa kabla hakijafa na kukilea ndani ya chupa yenye chakula laini. Kazi hiyo huitwa kuokoa kiinitete. Kisha humvusha mtoto huyo na kabichi tena na tena, wakisoma alama katika vinasaba vya kila mche ili kujua ni upi uliorithi kinga, bila kungoja hadi uugue. Watafiti, hasa wa India, wamefaulu kuvuka hatua hizo za mwanzo. Hakuna jeni iliyokatwa na kubandikwa hapo. Ni uchavushaji uliosaidiwa.

Anayepanda kanzira leo, basi, anatunza benki ya mbegu bila kujua.

Sheria inasema nini

Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009 na mamlaka yake, NBA, inayochunguza kila ombi la GMO. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO Novemba 2012. Tarehe 3 Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaiondoa marufuku hiyo, na uamuzi huo ukapelekwa mahakamani. Pamba ya Bt ndiyo iliyotangulia kwa wakulima, baada ya kuidhinishwa Desemba 2019. Kanuni za mwaka 2012 zinataka bidhaa za GMO zibandikwe lebo.

Kabichi ya GMO imewahi kujaribiwa kwingine. Mpango uitwao CIMBAA, uliounganisha taasisi za utafiti na kampuni ya mbegu, ulitengeneza kabichi yenye jeni mbili za Bt na kuijaribu India, lakini haikufika mikononi mwa wakulima. Marekani, kampuni ya Pairwise ilitoa mwaka 2023 majani ya haradali yaliyohaririwa jeni ili yasiwe makali mdomoni. Kuhariri ni kurekebisha jeni za mmea wenyewe bila lazima ya kuleta za kigeni, na NBA ilitoa mwongozo wake kuhusu jambo hilo mwaka 2022. Hata kabichi ya Bt ikija siku moja, nondo aliyeishinda Bt ya chupa Hawaii atakuwa anaingoja, na mkulima atahitaji kuilinda kwa nidhamu ile ile.

Kwa msimu unaokuja

Mlaji ana swali bora la kumuuliza muuzaji kuliko "ni GMO?" Uliza mboga ilinyunyiziwa lini mara ya mwisho, na kwa dawa gani. Wateja kumi wakiuliza hivyo kila siku, swali litafika shambani kabla ya wiki kuisha. Kwa wenye magunia nje ya nyumba, viwavi vya gunia moja huokotwa kwa mkono asubuhi, wala huhitaji dawa yoyote.

Mkulima akiona mche wenye doa la V au shina lenye duara jeusi, aung'oe pamoja na mizizi, autie kwenye mfuko wa karatasi, na aupeleke kwa ofisi ya kilimo ya wadi au ya kaunti ndogo, Thika, Juja au Ruiru, siku hiyo hiyo. Asiubebe pamoja na miche mizima, na aoshe kisu na mikono kwa sabuni kabla ya kurudi kitaluni. Aliyenunua dawa isiyoua aje na chupa yake pamoja na lebo, ili afisa aone kundi la dawa na tarehe ya kuisha muda kabla ya kumshauri anunue nyingine.